Picha 2,300, nafasi 80: nilivyopanga slaidi za mama

Nilipomaliza kukusanya picha kwa ajili ya slaidi za sherehe ya mama kutimiza miaka 70 nilikuwa na mafaili 2,300 kwenye folda moja, nikakaa kuhesabu ni ngapi ambazo mama mwenyewe anaonekana. Zilikuwa 190. Na nyingi kati ya hizo 190 ni za miaka ya karibuni, tangu wajukuu wapate simu. Zile za utotoni kwetu, miaka ile yote ambayo alikuwa na sisi kuanzia asubuhi hadi usiku, mama karibu hayupo kabisa. Nilikaa nayo hiyo kama siku mbili hivi ndo nikaelewa: yeye ndo alikuwa anashika kamera.

Nimeamua kuandika hii kwa sababu watu kadhaa waliokuwepo siku ile wameniuliza nilivyofanya, na kila ninapoanza kueleza wananiuliza nilitumia programu gani. Programu yoyote itafaa jamani, zote zinaweka picha moja baada ya nyingine. Kazi ipo kwenye kuchagua na kupanga, na hapo mi nilikosea sana mwanzoni, nikarekebisha, nikakosea tena, wiki saba zikaisha kwa kitu nilichodhani ni cha jioni mbili.

Kukusanya kwanza. Niliwaomba ndugu wote wanitumie picha walizonazo, wakatuma kwa WhatsApp kama kawaida, nikafurahi, mpaka nilipozifungua kwenye skrini kubwa nikaona nyuso zimekuwa kama zimepakwa maji. WhatsApp inaipunguza picha ili iwe nyepesi kusafiri, na inafuta pia yale maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, tarehe na saa picha ilipopigwa. Jina la faili linaweza kuja na tarehe ila hiyo ni ya siku picha ilipopita WhatsApp, sio siku ilipopigwa. Kwa hiyo nilipoiambia kompyuta ipange kwa tarehe, dada yangu alihitimu chuo baada ya mtoto wake kuanza shule. Ikabidi niwarudie wote mmoja mmoja niwaombe watume upya kama dokumenti, ukituma hivyo faili linafika lilivyo, na wengine kwa kweli walichoka na mimi, shangazi aliniambia "si nimeshakutumia wewe", lakini wakatuma.

Za karatasi nazo zina mambo yake. Ukiskani leo kompyuta inaandika tarehe ya leo, hivyo harusi ya baba na mama ikajipanga mwisho kabisa, baada ya selfi za mwezi uliopita. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, inatoka pikseli kama 1,800 kwa 1,200, na inatosha vizuri kwa projekta ya pikseli 1,920 kwa 1,080. Ila zile ndogo za pasipoti kwa dpi hizo hizo unapata pikseli kama 400 kwa 500, ukiitanua ukutani ni ukungu mtupu, hizo nilipandisha hadi dpi 1,200. Usipige picha ya picha kwa simu huku fleshi imewaka, utapata duara jeupe usoni kwa mtu.

Na skani mgongo wa picha pia, tafadhali. Hii sikuambiwa na mtu na nusura niikose. Mama alikuwa na tabia ya kuandika nyuma kwa penseli, mwaka na majina, na mara nyingine neno moja au mawili tu. Kuna moja mi nimesimama mlangoni na sare mpya ya shule, nacheka, mikono nimeipanga vizuri mbele. Nyuma imeandikwa "alilia baadaye". Hiyo picha nimeiona maisha yangu yote ikiwa kwenye albamu ya gundi, sijawahi kuibandua, na siku nilipoibandua ikawa picha nyingine. Kwenye slaidi niliweka mbele yake, halafu mgongo wake, maandishi ya mama yakijaza ukuta mzima.

Sasa kuchuja. Nilianza kwa kutafuta picha nzuri, nadhani kila mtu anaanzia hapo. Zenye mwanga mzuri, watu wote wanatazama kamera, hakuna aliyefumba macho. Nikapata kama 400 nikaziweka mfululizo nikakaa kuzitazama peke yangu usiku, na kufika ya sitini nilikuwa nafikiria mambo mengine kabisa. Zilikuwa nzuri zote na hakuna hata moja iliyonishika. Watu wamesimama kwa mstari wanatabasamu, watu wamekaa kwa mstari wanatabasamu, keki, watu wamesimama.

Wiki hiyo nilisoma kidogo habari za projekta za zamani za slaidi, zile Kodak Carousel zilizoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, maana nilitaka kujua watu walifanyaje kabla ya kompyuta. Slaidi yenyewe ni kipande cha filamu cha milimita 24 kwa 36 kwenye fremu ya kadibodi au plastiki, unakichomeka kwa mkono kimoja kimoja kwenye trei ya duara, kichwa chini miguu juu, ili ukutani kitoke wima. Trei ya kawaida ilibeba 80. Kulikuwa na ya 140 pia ila 80 ndo ilikuwa ya kawaida. Ukijaza 80 umejaza, basi, hakuna mahali pa kuongeza ya 81 mpaka utoe moja. Na mtu aliyeshika kidude cha kubonyeza ndiye aliyekuwa anaongea: hapa ni siku fulani, huyu ni fulani, subiri nikueleze huyu. Picha zilikuwa zinasemewa. Mashine zenyewe Kodak waliacha kuzitengeneza mwaka 2004, na ninavyoona mi kilichopotea zaidi kuliko mashine ni huyo mtu wa kuongea, maana sa hivi tunaweka muziki juu, picha zinajiendesha zenyewe, watu wote wanakaa kimya wanatazama kama tangazo.

Basi nikajiwekea vitu viwili. Nafasi ni 80, kama trei. Na picha inaingia kama tu inamfanya mtu afungue mdomo.

Hicho cha pili nilikipima kwa dada. Nilimwita nikamwambia, dada kaa hapa, mi nabonyeza we tazama tu, usinisaidie kuchagua, na sikumwambia natafuta nini. Nilikuwa na kalamu na karatasi. Picha ikipita akiwa kimya naweka alama ya kukata. Akisema neno, hata "hee", naweka tiki. Akianza stori naweka nyota. Yaani zile nilizokuwa nazipenda, zile za studio, za mavazi ya sherehe, zilipita kimya moja baada ya nyingine. Halafu ikaja moja ambayo niliiacha tu kwa bahati, kona ya chumba, meza ina kitambaa, juu yake redio, hakuna mtu, imepigwa nadhani kumalizia filamu. Dada akainuka kabisa kwenye kiti. "Hiyo redio! Mama alikuwa anaifungua kwa sauti ndogo kabla hatujaamka, anaacha mlango wazi kidogo, we hukumbuki?" Mi nilikuwa sikumbuki. Akaongea dakika kumi juu ya redio. Nyota.

Kwa hiyo kama unapanga slaidi zako mtafute mtu aliyeishi hayo mambo umkalishe, na wewe unyamaze. Wewe peke yako umeshazitazama mno, huwezi kujua tena.

Kuna aina moja ya picha iliyokuwa inapata nyota kuliko zote, nikaipa jina, picha ya kabla ya picha. Unajua watu wakijipanga kupigwa picha kuna ile sekunde ambayo wengine wako tayari na wengine bado, mmoja anamvuta mwenzie mkono, mtoto anatazama pembeni, mtu anarekebisha kola ya mwingine. Siku za simu tunazo nyingi sana hizo kwa sababu tunabonyeza mara kumi na nne kwa tukio moja, halafu tunahifadhi ile ya mwisho ambayo wote wametulia. Nenda kaangalie ile ya tatu au ya nne. Mikono ya watu inasema mambo wanapokuwa hawajui wamepigwa. Kuna moja mama anamfuta mjukuu wake mdomo kwa kidole gumba huku wengine wote wanatazama kamera, na ile rasmi iliyofuata sekunde tano baadaye mtoto ni msafi na mama ametulia, na haina kitu.

Zilizotikisika pia usizitupe haraka. Picha inayotazamwa na wageni inahitaji kuwa safi, lakini mama anamtambua mtu wake hata akiwa doa.

Nikipunguza nikafika 410, halafu 120, na hapo ndo nikakwama wiki nzima kwa sababu nilianza kupanga, na kupanga ndo kulinionyesha mashimo.

Kwa miaka yangu yote nilidhani familia yetu ina picha nyingi. Nilipozipanga kwa mwaka nikaona kuna miaka sita haina kitu. Zipo picha mbili tu, zote za vitambulisho. Kabla ya hapo kuna rundo, baada ya hapo kuna rundo. Nikampigia dada kumuuliza kama kuna albamu imepotea, akanyamaza kidogo akasema hamna albamu iliyopotea, ile ni miaka baba hakuwa na kazi, kamera iliuzwa. Mi nilikuwa mdogo, nilikuwa nakumbuka tu kwamba kamera haikuwepo, sikuwahi kujua iliuzwa. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa mwanzoni mwa miaka hiyo, kwa hiyo hana picha hata moja ya uchanga. Ya kwanza kabisa ana miaka kama sita, na amekua akisema kwa mzaha kwamba yeye aliokotwa, na sisi tumekuwa tukicheka, na nilipokuwa nakaa na lile shimo la miaka sita sikuona tena cha kuchekesha.

Hili nimelifikiria sana. Miaka ya shida huwa haina picha. Hakuna anayenunua filamu, hakuna anayetaka kupigwa, na hata sa hivi ambapo picha ni bure mtu akiwa kwenye mwaka mbaya simu yake inajaa skrinshoti na risiti tu. Kwa hiyo ukipanga slaidi kwa kufuata picha zilizopo unatengeneza maisha ambayo hayakuwa na shida, unaruka kutoka sherehe hadi sherehe, na yule aliyebeba ile miaka, ambaye ndo umekusudia kumshukuru, anakaa kwenye kiti anatazama miaka yake migumu ikirukwa kwa sekunde moja. Sikutaka kumfanyia mama hivyo. Lakini unaonyeshaje kitu ambacho hakikupigwa picha?

Nilijaribu kuweka maandishi, nikayafuta, yalikuwa yanasikika kama hotuba. Mwishoni niliweka zile picha mbili za vitambulisho, ya baba na ya mama, kila moja peke yake, kubwa, na nikaziacha zikae muda mrefu kuliko nyingine. Wote wawili wanatazama mbele moja kwa moja bila kutabasamu kama picha za vitambulisho zinavyotaka. Kati ya watoto wanaocheka pande zote mbili, hizo nyuso mbili zinasimamisha chumba.

Hapo naingia kwenye jirani wa picha. Kama miaka 100 iliyopita mwongoza filamu mmoja wa Urusi, Lev Kuleshov, alichukua sura ile ile ya mwigizaji mmoja akaiunganisha mara na sahani ya supu, mara na mtoto kwenye jeneza, mara na mwanamke, na inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na mapenzi, kumbe sura haikubadilika hata kidogo. Hiyo inatokea kwenye slaidi zako pia hata usipotaka. Mi niliweka picha ya mjomba anacheka sana mdomo wazi, na bila kujua iliyofuata ilikuwa ya kaburi la bibi. Kila moja peke yake haina shida. Zikifuatana mjomba anaonekana katili. Programu haiwezi kukuambia hivyo, inajua tarehe tu, na tarehe zilikuwa sahihi kabisa, zilipishana siku nne.

Kwa hiyo niliacha kupanga kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta unaona picha moja na jirani zake wawili watatu, huoni mwendo mzima. Dada alikuja na wazo la kuzichapa zote ndogo ndogo, kama ukubwa wa kadi za kuchezea, tukazikata kwa mkasi tukazitandaza sakafuni sebuleni kwake. Wapiga picha wa enzi za filamu walikuwa na karatasi yao ya namna hiyo, mkanda mzima unachapwa kwenye karatasi moja, mpiga picha anainama na lenzi anaziwekea alama alizochagua. Ya kwetu ilikuwa sakafu. Tulikaa chini kuanzia saa mbili usiku hadi saa saba, tunasogeza, tunarudisha, tunabishana, na nataka kusema kwamba kama kuna kitu kimoja utachukua kwenye maneno yangu haya yote marefu basi chapa, kata, tandaza chini. Ukisimama juu yake unaona mara moja kwamba mtu fulani ametokea mara kumi na moja na mwingine mara tatu. Aliyetokea mara tatu alikuwa mdogo wetu.

Tulipokuwa hapo sakafuni tuliacha mpango wa miaka. Sio kabisa, mwanzo ni mwanzo na mwisho ni mwisho, lakini katikati tulipanga kwa vitu. Mama anasuka nywele za dada, miaka thelathini na kitu baadaye dada anasuka za binti yake, kiti kile kile. Mlango ule ule na watoto tofauti. Mama hana mtoto mgongoni isipokuwa kwenye picha mbili tu, moja ni ya mtoto wa jirani, na hapo tena dada akaanza stori nyingine. Unaruka miaka lakini anayetazama hapotei, kwa sababu macho yanashika kile kitu, kiti, mlango, mkono, na kumbukumbu zenyewe ndo zinavyokuja, hakuna anayekumbuka maisha yake kuanzia Januari.

Kuhusu baba. Alifariki miaka tisa iliyopita, na swali la wapi umweke marehemu kwenye slaidi ya sherehe nadhani linamsumbua kila mtu anayefanya kazi hii. Nimeona watu wanawakusanya marehemu wote mwishoni na muziki wa polepole, mishumaa, na kuna mahali hiyo ni sawa. Mi sikutaka. Baba alikuwepo katikati ya maisha yao kwa hiyo tulimweka katikati, anakata kucha, amelala na gazeti usoni, anabishana na mtu nje ya picha. Ya mwisho yake tulichagua ambayo yeye na mama wamekaa, hawaongei, kila mmoja anatazama upande wake, na hatukuweka alama yoyote kwamba ni ya mwisho. Mama alijua.

Na yule shemeji ambaye sio shemeji tena. Yuko kwenye picha nzuri mbili ambazo mama naye yupo. Wengine huwa wanakata nusu, ila mkono unabaki begani na kila mtu chumbani anajua ni mkono wa nani, inakuwa mbaya zaidi. Nilimuuliza mwenye haki ya kuulizwa, ambaye ni dada, akafikiria akasema acha moja, ile watoto wapo, yule ni baba yao. Tukaacha moja.

Mambo ya skrini nayapitia haraka. Picha za simu nyingi zimesimama na projekta imelala. Ukiacha programu ijaze skrini yenyewe itakata zaidi ya nusu ya picha, kwa kawaida vichwa. Zima hiyo, acha weusi pembeni. Au weka mbili zilizosimama pamoja, zinatosha kwa upana, na hapo unarudi kwenye ujirani, zichague zisemezane. Ile ya picha kujisogeza taratibu yenyewe nayo nilizima, nataka mimi niamue macho yaende wapi. Kubadilisha kutoka moja hadi nyingine nilitumia kufifia tu, hakuna nyota, hakuna kuzunguka. Na jaribu kwenye chumba chenyewe saa ile ile ya siku, maana ukuta wenye jua unameza picha zote za zamani, zile za kahawia zilizofifia ndo zinaondoka za kwanza.

Muda. Mwanzo niliweka sekunde tatu kila moja ili zote ziishe ndani ya wimbo mmoja. Mtafiti mmoja wa chuo cha MIT cha Marekani, Mary Potter, alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba akili inatambua kilichomo kwenye picha ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini kuihifadhi inahitaji muda zaidi, na picha nyingine ikija haraka inaifuta ile ya kwanza. Unaona kila kitu lakini hubakiwi na kitu. Na huko ni kuhifadhi tu, bado hujamruhusu mtu aseme "huyo si fulani?" na mwingine ajibu. Sekunde tatu haitoshi hata kuvaa miwani. Nikaongeza hadi sita, na siku mbili kabla ya siku yenyewe nikafuta muda wote, nikafuta na wimbo. Nikaweka kila picha isubiri kubonyezwa. Ndugu zangu hawakuipenda hiyo, mdogo wangu alisema watu watachoka, na mi nilikuwa na wasiwasi pia lakini nilikuwa nimemwona dada na ile redio.

Picha ya mwisho kuingia niliitoa kwenye folda ya zilizokataliwa, usiku kabisa. Dada na mimi tumesimama kwenye nyasi, tumekunja nyuso kwa sababu jua linatupiga machoni, na kivuli cha mpiga picha kimekuja kutoka chini ya picha hadi kwenye miguu yetu. Niliikataa mara ya kwanza kwa sababu ya hicho kivuli, ndo kosa la kwanza wanalokufundisha usifanye ukishika kamera. Ila nilikuwa nimeshinda wiki nyingi nikimtafuta mama kwenye picha za utotoni, na usiku ule nikaona kumbe huyu hapa, viwiko viwili vimeinuka, kamera usoni. Ilikuwa ya mwisho kabla ya lile shimo la miaka sita. Niliiweka hapo hapo mahali pake, kabla ya zile mbili za vitambulisho. Jumla zikawa 72, na nafasi nane nikaziacha tupu.

Siku yenyewe tulimkalisha mama mbele tukampa kidude mkononi. Akauliza nibonyeze lini, nikamwambia mama, ukimaliza kuongea. Akasema mimi sina la kuongea. Picha 72 zilichukua saa moja na dakika arobaini. Kuna nyingine alizipita bila neno, zile nilizoziwekea matumaini makubwa, na kuna moja ya uzio tu na mbuzi wa watu ambayo hata sijui iliingiaje ilikula robo saa, wazee watatu wakibishana nani alijenga ule uzio. Kwenye redio mama alicheka akasema mlikuwa mnasikia? Mi nilidhani mmelala.

Tukafika kwenye nyasi. Mama akatazama muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kile nilichogundua, kwamba kivuli ni yeye, na nikafungua mdomo, lakini alikuwa ameshageuka kwenye kiti, anamtafuta mdogo wetu kule nyuma alikokuwa amesimama karibu na mlango.

"Mwanangu, njoo uone. Wewe si husema hukupigwa picha? Hapo nina mimba yako, miezi minane, siku ya pili yake kamera ikaenda. Niliwaambia hawa wasogee nyuma kivuli kisiwafikie, hawakusikia."

Akaja mbele, akapita katikati ya viti, akasimama karibu kabisa na ukuta kuangalia, na kwa kuwa alikuwa amesimama mbele ya projekta kivuli chake kikaangukia pale pale kwenye nyasi, kikubwa, kikafunika cha mama. Tukamwambia sogea basi tuone na sisi. Hakusogea. Na mama alikuwa na kidude mkononi, hakubonyeza.